Apple IIe na sloti zake saba: kadi ipi inakaa wapi? Wenye mashine za kale tukutane hapa

Mwana wa Kibirizi · Kigoma · mwanzisha uzi

Wakuu salaam,

Tangu nitupie picha ya Apple IIe yangu, kompyuta ya zamani ya Apple, kwenye ule uzi wa vitu vya zamani, PM zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Mkuu nina kadi tatu nne, sloti ziko saba, nachomeka yoyote popote?" Nimeona nifungue uzi tumalizane hapa hapa.

Hapana, huchomeki popote. Sloti ni matundu ya kuchomekea kadi, na kadi ni bodi ndogo zinazoiongezea kompyuta kazi. Kwenye mashine hii namba ya sloti ndiyo mpangilio wenyewe. Nyie mliozoea Windows mnachomeka kitu, kompyuta inakitambua, inakipa nafasi, maisha yanaendelea. Huku hakuna huduma hiyo. Ukiweka kadi sloti ya 6 umeshaipa anwani za sloti ya 6 (namba ambazo programu inazitumia kuifikia), ukiihamishia ya 4 umeihamisha na anwani zake. Programu iliyoandikwa mwaka 1982 ikiamini diski iko 6 itaendelea kuitafuta 6 mpaka kesho asubuhi, hata kama kadi yako ni nzima na iko pembeni tu hapo.

Kwa wasioifahamu: Apple II ya kwanza ilitoka 1977 ikiwa na sloti nane, namba 0 hadi 7. Steve Jobs alitaka ziwe mbili tu, ya printa na ya modemu. Steve Wozniak, ambaye ndiye aliyeibuni, akagoma. Januari 1983 ikaja IIe, na ile sloti ya 0 ikaondolewa kwa sababu kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliyokuwa inachomekwa pale kwa kadi sasa ilikuwa imejengwa kwenye bodi. Zikabaki saba za pini 50, namba 1 mpaka 7 kuanzia kushoto upande wa pawasaplai, pamoja na moja ya pembeni ya pini 60 kwa ajili ya kadi ya safu 80 (ya kuonyesha herufi 80 kwa mstari) na kumbukumbu ya ziada.

Kadi ikishakaa inapata vitu vitatu. Kwanza, anwani 16 za kupokelea na kutolea amri. Zinaanzia 49280 ukijumlisha 16 mara namba ya sloti, kwa hiyo za sloti ya 6 zinaanzia 49376. Pili, baiti 256 za ROM yake (kumbukumbu ya kudumu yenye programu ya kadi), zinazoanzia 49152 ukijumlisha 256 mara namba ya sloti. Za sloti ya 6 zinaanzia 50688. Tatu, eneo la kilobaiti 2 ambalo ni la kadi zote kwa pamoja, na hapa ndipo ugomvi ulipo. Lichukulie kama chumba kimoja cha wageni: analala mmoja kwa zamu, na kabla mwingine hajaingia lazima aliyemo atoke. Kutoka kwenyewe ni programu kugusa anwani 53247, kadi zote zinaachia. Kadi yenye adabu inafanya hivyo. Zipo za miaka ile ambazo hazifanyi, ndiyo maana unakuta kadi mbili, kila moja peke yake inapiga kazi vizuri, ukiziweka pamoja mashine inaganda na unaanza kumlaumu aliyekuuzia.

Sasa mpangilio.

Ya 1 ni printa, ya 2 ni siriali, yaani modemu au kuunganisha na kompyuta nyingine. Hizi hazina mjadala. Super Serial Card ya Apple inakubali zote mbili, ila angalia kile kiplastiki chenye pembetatu juu yake: ikielekea TERMINAL ni ya printa, ikielekea MODEM ni ya modemu. Watu wanabadilisha kebo mpaka wanachoka, kumbe ni hicho.

Ya 3 ni mtego. Ukiwa na kadi ya safu 80 kwenye ile sloti ya pembeni, mashine inaifunika ROM ya sloti ya 3 na kutumia ya kwake yenyewe. Kadi yenye ROM ukiiweka pale itakuwa kama haipo. Tena hizi zetu zilizotoka Uingereza, bodi yake imeiweka sloti ya pembeni mstari mmoja na ya 3, hata nafasi ya kukaa kadi mbili ndefu haipo. Mimi ya 3 nimeiacha tupu na sina mpango nayo.

Ya 4 nitaifikia mkiniuliza maana najua mtaniuliza.

Ya 6 ni ya diski, yaani kadi ya Disk II (draivu ya flopi ya Apple), na hii msiiguse kabisa. Michezo na programu nyingi za miaka ya 80 zimeandikwa zikijua diski iko 6, haziulizi. Ya 5 na ya 7 ndipo pa diski kubwa au hizi kadi za kisasa za SD. Mashine ikiwashwa inaanza kukagua sloti ya 7, halafu 6, 5, inashuka hivyo hivyo mpaka 1, na ya kwanza yenye alama za diski ndiyo inayobuti, yaani mashine inaanzia hapo. Hilo la kushuka kutoka 7 likumbukeni, linaelezea nusu ya vilio vya watu.

Kama hujui una nini kwenye mashine yako, andika hii kwenye BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, kisha piga RUN (PEEK inasoma namba iliyoko kwenye anwani):

10 FOR S = 1 TO 7
20 A = 49152 + 256 * S
30 PRINT S, PEEK (A + 1);" "; PEEK (A + 3);" "; PEEK (A + 5);" "; PEEK (A + 7)
40 NEXT

Disk II itakupa 32 0 3 60. Super Serial Card angalia namba ya tatu na ya nne, zitakuwa 56 na 24. Ukiona 56 na 24 kwenye sloti ya 3 ambayo ni tupu usishtuke, ni ile ROM ya ndani ya safu 80. Sloti tupu nyingine haitoi sifuri, inatoa takataka, na ukipiga RUN tena takataka zenyewe mara nyingi zinabadilika.

Kuchomeka: zima kwanza. Kuna kitaa chekundu juu ya bodi, kikiwa kinawaka usitie mkono. Uso wa kadi wenye chipu unaangalia kulia, mbali na pawasaplai. Na kebo ya diski ya pini 20, ile ambayo soketi yake haina kizuizi cha kukuonyesha imekaa sawa: ukiichomeka imeruka pini moja, chipu ya 74LS125 ndani ya draivu inakufa papo hapo. Ichungulieni kwa tochi pande zote mbili kabla ya kuwasha.

Karibuni.

---

Kaka Mkuu wa Zamani · Mwanza

Mkuu hongera kwa uvumilivu, ila yote haya ya nini? Simu yangu ya tochi nahisi inalizidi hilo dude.

---

Mwana wa Kibirizi

Inalizidi mbali tu, hii ina kilobaiti 64. Ila simu yako ikifa chipu moja unaitupa, hii nafungua mfuniko kwa mikono bila bisibisi na kila chipu iko kwenye soketi au ina jina lake naliona. Kila mtu na starehe yake, wewe si unashabikia Pamba?

---

Fundi Gungu · Kigoma

Uzi wa maana huu. Mimi ni fundi redio na TV, hiyo mashine ya mkuu naifahamu maana pawasaplai yake imepita mezani kwangu. Naongezea ya upande wa fundi.

Moja. Kabla hujafikiria kadi ikae wapi, fikiria pawasaplai. Ile ya IIe imeandikwa ampea 2.5 kwenye volti 5 na ampea 1.5 kwenye volti 12, na bodi yenyewe inakula sehemu kubwa. Kwa mujibu wa Apple wenyewe, kadi ZOTE kwa pamoja zisizidi miliampea 500 kwenye volti 5. Sloti saba zipo, lakini umeme wa kadi saba haupo. Watu wanaona nafasi wanajaza. Ikizidiwa, pawasaplai inajizima na kuanza kugonga tik tik tik, hiyo si kuharibika, inakwambia toa kadi. Na ndani hakuna feni, joto linapanda lenyewe, kwa hiyo kadi zinazochemka usizipange zikagusana.

Mbili. Mashine imekaa miaka bila kuwashwa, USIWASHE. Fungua pawasaplai utafute kapasita ya njano ya plastiki inayopenyeza mwanga, imeandikwa RIFA, mikrofaradi 0.1. Ukiitazama kwa karibu utaona nyufa nyembamba juu yake. Zile nyufa zinaingiza unyevu, na huku ziwani unyevu si wa kutafuta. Ukiwasha itatoa moshi mzito wenye harufu ambayo mkeo ataikumbuka wiki nzima. Itoe, weka ya aina ya X2 ya volti 275 za AC. Kazi yake ni kuchuja makelele tu ya umeme, hata ukiitoa bila kuweka nyingine mashine inawaka. Ila ukichomoa waya tu usiingize kidole, kapasita kubwa ya ndani inabaki na volti zaidi ya 300 za DC. Iache ikae, kisha pima kwanza.

Tatu, kupima volti 5. Nimeona vijana wanaingiza ncha ya mita kwenye sloti, pini 25 ni volti 5 na pini 26 ni ardhi. Ni kweli, lakini hizo mbili zinatazamana uso kwa uso kwenye ncha ile ile ya sloti. Mkono ukiteleza umezigonganisha. Nenda kwenye soketi ya pini 16 ya kuchezea michezo, pini 1 ni volti 5, pini 8 ni ardhi, ziko kona tofauti. Ikiwa kati ya 4.75 na 5.25 uko salama. Pima bila kadi, kisha weka kadi moja moja ukiangalia inashuka kiasi gani. Hapo ndipo utaijua kadi mlafi.

---

Bangwe Mtulivu · Kigoma

Fundi nina swali la usafi. Sloti zangu zina ukijani na nilikuta yai la mende limegandia kabisa kwenye meno ya sloti ya 2. Natumia nini? Kuna mtu kasema kifutio cha penseli.

---

Fundi Gungu

Kifutio ni kwenye meno ya KADI, tena kile cheupe laini, mkono mwepesi, na unafuta kuelekea ncha, si kwenda na kurudi. Sloti yenyewe huwezi kuifikia na kifutio. Spiriti ya duka la dawa, mswaki laini mkavu uuloweshe kidogo, sugua kwa kufuata urefu, kisha acha mpaka ikauke kabisa maana ile spiriti ina maji ndani yake. Ukijani ukibaki, chomeka na kuchomoa kadi nzee usiyoihitaji mara kadhaa umeme ukiwa umezimwa, ndizo zitakazokwangua. Yai la mende lilainishe na spiriti kwanza, ukilikwangua kavu unapinda meno.

---

Mwana wa Kibirizi

Kwenye kifutio mimi na fundi hatujawahi kuelewana. Dhahabu ya kwenye meno ya kadi ni tabaka jembamba sana, ukifuta kila mwezi utafika kwenye shaba. Mimi ni spiriti tu. Kifutio iwe ni kadi iliyokataa kabisa.

---

Fundi Gungu

Nani kasema kila mwezi? Anayefuta kila mwezi ana tatizo lingine, mashine yake iko karibu na jiko la mkaa.

---

Mwalimu Katubuka · Kigoma

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwalimu, nilipewa IIe na kadi zake na mtu aliyekuwa anahama. Disk II iko 6, siriali 2, printa 1. Shida ni kwamba nina kadi ya sauti aina ya Mockingboard, kadi ya kipanya, na kadi ya Z80 ya Microsoft (yenye prosesa nyingine). Kila nikisoma, zote tatu wanaziweka sloti ya 4. Zote tatu zinagombania kiti kimoja, nimpe nani?

---

Mwana wa Kibirizi

Dada Mwalimu karibu, hili ndilo nililosema mtaniuliza.

Usiangalie kadi, angalia programu inayoitumia. Swali ni moja: hii programu inaitafuta kadi, au inadhani inajua iliko? Anayejitafutia anaweza kuhamishwa, asiyejitafutia hahamishwi.

Mockingboard haina ROM ya utambulisho, chipu zake za 6522 zinaonekana moja kwa moja kwenye zile baiti 256 za sloti. Michezo mingi inaandika sloti ya 4 moja kwa moja bila kuuliza, michache ndiyo inazunguka sloti zote kuisaka. Basi hiyo mpe 4, imekwisha.

Kipanya kinahama. Kadi yake ina baiti za utambulisho, na programu nyingi za kipanya zinapita sloti hadi sloti kuzisoma. Kiweke 5. Hata kwenye ile programu yangu ya juu utakiona kwa 56 na 24 kama siriali, ila ukisoma baiti ya 12, yaani PEEK (A + 12), siriali inatoa 49 na kipanya kinatoa 32.

Z80 nayo inakubali sloti nyingine, iweke 7 kwa sasa kama huna diski kubwa. Kwa mnaoshangaa, ndiyo, ni Microsoft hao hao. Mwaka 1980 walitengeneza kadi ya kuchomeka ndani ya Apple ili iendeshe CP/M (mfumo endeshi wa zamani), na iliwauzia vizuri tu.

Ila narudi kwa aliyosema fundi kuhusu umeme. Hizo ni kadi sita. CP/M haina habari na Mockingboard, na mchezo hauna habari na Z80. Iliyo ya wiki hii ikae ndani, nyingine zikae kwenye mfuko wao. Mimi za akiba nimezifunga kwenye karatasi ya foili na kuandika namba ya sloti kwa kalamu juu yake.

---

Mwalimu Katubuka

Ahsante sana kaka. Nimekuelewa. Halafu kuhusu kugusa chuma cha pawasaplai kutoa umeme wa mwilini kabla ya kushika kadi, kitabu kinasema plagi ibaki imechomekwa lakini swichi imezimwa. Mimi nikigusa nahisi kama sisimizi mkononi.

---

Fundi Gungu

Mwalimu hiyo ni ethi (waya wa ardhi wa umeme wa nyumba), nyumba yako haina ethi au waya wake umekatika njiani. Kitabu kiliandikiwa nyumba yenye ethi. Bila ethi kile chuma kinaelea na umeme kidogo unaopenya kwenye vichujio vya pawasaplai, ndicho kinachokutekenya. Hapo ushauri wa kitabu haukusaidii, unaweza hata kuwa kinyume. Chomoa plagi kabisa, gusa chuma cha pawasaplai, shika kadi kwenye kingo. Na mwite fundi umeme aangalie ethi kwa ajili yako na watoto, achana na kompyuta.

---

Mzee wa Stesheni · Kigoma

Vijana nimefurahi. Nawaambia tu hali ya zamani ilivyokuwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Televisheni yenyewe huku Bara tumekuja kuiona mwaka 1994. Kwa hiyo hizo mashine zilizokuja kwenye miradi na misheni miaka ya 80 tuliziona kwa mbali, zimefunikwa kitambaa cha darizi, ufunguo wa chumba anao mzungu.

Mimi nilikuwa karani. Nilichofundishwa ni kimoja: PR#1, kila unachoorodhesha kinatoka kwenye printa, PR#0, unarudi kwenye skrini. Siku moja mwenzangu kaandika PR#3 kwa kuteleza kidole, mashine ikanyamaza, akadhani ameiua mali ya watu. Alikaa nje akisubiri kufukuzwa.

---

Mwana wa Kibirizi

Shikamoo Mzee. Nimecheka peke yangu hapa. Sloti hiyo bila shaka ilikuwa tupu, ukiielekeza mashine kwenye sloti tupu inaenda kusoma takataka na inapotea. Angebonyeza Control na Reset tu ingerudi.

---

Mzee wa Stesheni

Marahaba. Nani angemwambia.

---

Mnyamwezi wa Isevya · Tabora

Mwangaluka wana Kigoma. Nimesoma uzi wote mpaka mwisho ndiyo naandika.

Nina IIe niliyoipata kwa mtu aliyekuwa anasafisha stoo. Nimeagiza kadi ya kisasa ya SD, ina ProDOS (mfumo endeshi wa Apple II) ndani yake. Nimeiweka sloti ya 5. Nikiwasha, Disk II inaanza kuzunguka na kukwaruza, haiachi, na SD haigusi. Nimeandika kumlalamikia muuzaji nikiamini kaniuzia kadi mbovu. Nimepiga programu yako, sloti ya 5 inatoa 32 0 3 0. Sloti ya 6 ni 32 0 3 60. Hiyo 5 ni nzima au mbovu?

---

Mwana wa Kibirizi

Mkuu kadi yako ni nzima, inajitambulisha vizuri. Kinachokupata ni ule mpangilio wa kushuka kutoka 7. Mashine inafika 6, inaikuta Disk II, inasimama hapo kusubiri flopi ambayo haipo. Ya 5 haifikiwi kamwe. Zima, ihamishe SD kwenda 7.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Nimehamisha. Sloti ya 7 sasa inatoa 32 0 3 0. Bado Disk II ndiyo inayozunguka! Hii mashine ina upendeleo.

---

Mwana wa Kibirizi

Nilitaka kukuuliza hili tangu mwanzo. Ukiwasha, juu ya skrini panaandikwaje? "Apple ][" au "Apple //e"?

---

Mnyamwezi wa Isevya

Apple ][

---

Mwana wa Kibirizi

Basi tumelipata. Yako ni IIe ya kwanza kwanza, kabla ya yale maboresho ya 1985. Tazama namba ya nne: Disk II inatoa 60, SD yako inatoa 0. ROM za zamani zinadai namba zote nne, na ya nne lazima iwe 60, ndipo zikubali kubuti kutoka hapo. ROM mpya zinatazama tatu za kwanza tu. Mashine yako ilipita sloti ya 7, ikasoma 0, ikasema hii si diski, ikashuka 6.

Bonyeza Control na Reset kusimamisha Disk II, kisha andika PR#7. Ukiielekeza kwa mkono haikagui chochote. Tahadhari moja: kama firmwea (programu iliyomo ndani) ya hiyo kadi imeandikwa kwa prosesa ya 65C02, yako ni 6502 ya kawaida, itaanguka kwenye alama ya nyota badala ya kuwaka. Tuombe isiwe hivyo.

---

Mnyamwezi wa Isevya

IMEWAKA. ProDOS 2.4 hii hapa mbele yangu, orodha ya mafaili imejaa skrini. Kumbe hii ya 2016 inakubali mpaka kwenye mashine ya hivi. Muuzaji nimeshamwandikia aipuuze ile barua.

Sasa kila nikiwasha lazima niandike PR#7?

---

Fundi Gungu

Ukitaka iwake yenyewe ni kubadilisha chipu nne: prosesa kuwa 65C02, ROM mbili, na ROM ya herufi. Zote ziko kwenye soketi, hakuna kulehemu. Zinauzwa nje kama seti. Na kwa kuwa yako ni ya zamani zaidi, hiyo pawasaplai ichunguze kabla hujaizoea. Ikifa, usihangaike kutafuta ya asili. Tafuta pawasaplai ya kompyuta za Pentium za zamani kwenye mafundi wa hapo mjini, yenye waya MWEUPE. Mweupe ni volti hasi 5, ambayo mashine hii inaihitaji na pawasaplai za siku hizi hazina. Nyekundu 5, njano 12, bluu hasi 12, nyeusi ardhi, kijani unakiunga na nyeusi ili iwake. Kama huna yenye waya mweupe, regyuleta ya 7905 inatengeneza hasi 5 kutoka kwenye hasi 12.

---

Mwana wa Kibirizi

Wakati unasubiri hizo chipu, kuna njia ya bure. Una flopi moja nzima? Itengeneze ya DOS 3.3 (mfumo wa flopi wa Apple), na programu yake ya HELLO, inayojiendesha flopi ikibuti, iwe mstari huu mmoja:

10 PRINT CHR$ (4);"PR#7"

Iache kwenye Disk II. Mashine itabuti 6 kama ilivyozoea, HELLO itairusha 7.

---

Mwalimu Katubuka

Kaka, hiyo HELLO na mimi naichukua, Z80 nitaitoa 7 nikipata SD.

---

Mnyamwezi wa Isevya

Imekubali. Flopi inakwaruza kidogo, inatulia, kisha ProDOS inaingia. Nikitaka michezo ya flopi nabadilisha flopi kabla ya kuwasha, sigusi kadi hata moja.

Fundi, hiyo ya waya mweupe nakuja PM, kuna pawasaplai mbili nimeziona kwa fundi mmoja hapa Ng'ambo nataka nikutumie picha ya lebo zake kabla sijalipa.